Texas Grano, Red Creole au Bombay Red: mbegu ipi ya kitunguu uoteshe nyumbani?

Ukitaka kitunguu cha kachumbari, kinacholika kibichi na nyama choma bila kutoa machozi wala kuoshwa kwa chumvi, otesha Texas Grano. Ukitaka cha mchuzi, cha kukaanga kikauke vizuri kwa ajili ya pilau, na cha kukaa kwenye chanja kwa miezi, otesha Red Creole. Bombay Red inafuata nyayo za Red Creole, ila huvumilia joto zaidi, kwa hiyo watu wa pwani na nyanda za chini waifikirie kwanza.

Hilo ndilo jibu fupi. Lakini mbegu ya kitunguu kitamu inaweza kukupa kitunguu kikali ukikosea mbolea au maji, na mbegu nzuri inaweza kukupa majani matupu ukiinunua bila kuangalia inafaa nchi gani. Kwa hiyo tulinganishe yote: mbegu, njia ya kuotesha, na mbolea.

Kabla ya kununua: urefu wa mchana

Kitunguu huanza kutunga kichwa pale mchana unapofikia urefu ambao aina yake inautaka. Aina za mchana mfupi zinahitaji masaa 10 hadi 12 ya mwanga, za kati masaa 12 hadi 14, na za mchana mrefu masaa 14 hadi 16. Nairobi, Arusha, Bujumbura, Mombasa na Mbeya zote zina mchana wa karibu masaa 12 mwaka mzima. Aina ya mchana mrefu ikipandwa huku haitapata ishara yake kamwe. Itakaa miezi sita ikitoa majani mazuri ya kijani, na ukiing'oa utakuta shingo nene isiyo na kichwa.

Hapa ndipo mbegu za zawadi zinapowaponza watu. Ndugu aliye Uingereza au Marekani anatuma pakiti ya Ailsa Craig au Walla Walla, zote ni vitunguu vitamu vyenye sifa, na zote ni za mchana mrefu. Kwake zinafaa, kwako hazifai. Kinyume chake pia ni kweli: Texas Grano ikioteshwa Kaskazini mwa Ulaya mwanzo wa machipuko, mchana hurefuka upesi na kuilazimisha itunge kichwa ikiwa bado na majani machache, na kichwa kinabaki kidogo. Soma pakiti. Kama imeandikwa "short day", endelea. Kama imeandikwa "long day", irudishe. Kama haisemi chochote na imetoka nchi ya mbali, usiipe tuta.

Texas Grano, Red Creole na Bombay Red zote ni za mchana mfupi, na zote hupatikana kwenye maduka ya pembejeo.

Aina tatu zikiwekwa pamoja

| | Texas Grano | Red Creole | Bombay Red |
|---|---|---|---|
| Rangi | Ganda manjano hafifu, ndani nyeupe | Nyekundu | Nyekundu iliyokolea |
| Umbo | Kubwa, umbo la pia | Bapa, wastani | Duara, ndogo hadi wastani |
| Ladha ikiwa mbichi | Pole, ina maji mengi | Kali | Kali |
| Muda wa kukaa ikikaushwa vizuri | Mwezi 1 hadi 2 | Miezi 4 hadi 6 | Kati ya hizo mbili |
| Nafasi kati ya mche na mche | Sm 12 hadi 15 | Sm 8 hadi 10 | Sm 8 hadi 10 |

Wengi hudhani kitunguu kitamu kina sukari nyingi kuliko kikali. Mara nyingi sivyo. Kitunguu kikali cha kuhifadhi kinaweza kuwa na sukari sawa au hata zaidi. Tofauti iko kwenye salfa. Mmea wa kitunguu huivuta salfa kutoka ardhini na kuihifadhi ndani ya seli. Kisu kikipita, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na akiba hiyo, na hapo ndipo hewa inayochoma macho na ule ukali wa ulimini vinapozaliwa. Texas Grano huweka akiba ndogo ya salfa na maji mengi, basi utamu uliokuwepo unapata nafasi ya kusikika.

Maji hayo hayo ndiyo udhaifu wake. Sehemu kavu ya kitunguu cha jamii ya Grano ni takriban asilimia 7 au 8 tu, wakati Red Creole inazidi 10. Ukikaanga Texas Grano kwa ajili ya biriani, sufuria inajaa mvuke, vitunguu vinalainika na kupungua, na kuvifikisha kwenye rangi ya kahawia kunachukua muda na mafuta mengi. Red Creole hukauka upesi na kubaki na mkwaruzo. Mpishi anayekaanga vitunguu kila Ijumaa atalaumu bustani yako kama umempa Texas Grano peke yake.

Ganda la Texas Grano ni jembamba na nyama yake laini. Linachubuka ukilidondosha, linaoza likinyeshewa siku za kukomaa. Red Creole husamehe makosa hayo kwa kiasi kikubwa. Kwa tuta la familia lenye mita 5 za mraba, mgao unaofaa ni mita 2 za Texas Grano na mita 3 za Red Creole, kwa sababu Texas Grano nyingi kuliko mnavyoweza kula ndani ya wiki sita hadi nane ni ya kugawia majirani au ya kutupa.

Kuna pia mbegu chotara, zenye alama ya F1, kama vile Jambar F1 na Neptune F1, ambazo ni nyekundu. Hutoa vichwa vinavyolingana na mavuno makubwa, na bei yake ni ya juu sana ukilinganisha na mbegu ya kawaida. Kwa mkulima wa ekari anayeuza kwa gunia, faida hiyo inalipa. Kwa bustani ya nyumbani hatuoni sababu. Vitunguu kupishana ukubwa si tatizo jikoni.

Na usihesabu kujizalishia mbegu. Kitunguu hutoa ua msimu wa pili, baada ya kupitia baridi, na nyuki huchanganya chavua za aina zilizo jirani. Kwenye joto la pwani hutapata maua, na kwenye nyanda za juu utapata mbegu usiyojua mama na baba yake.

Kiasi cha mbegu

Gramu 1 ya mbegu ya kitunguu ina mbegu 250 hadi 300. Tuta la mita 5 za mraba, kwa nafasi ya sm 15 kati ya miche na sm 20 kati ya mistari, linahitaji miche 165 hivi. Ukiotesha gramu 1 unapata miche ya kutosha na ya kuziba mapengo. Ukibanana zaidi kwa Red Creole, gramu 2. Pakiti ya gramu 10 ni mbegu karibu 3,000, kwa hiyo nunueni watu watatu au wanne mgawane. Kuhifadhi hadi mwakani ni kujidanganya, maana mbegu ya kitunguu huzeeka upesi kuliko nyingi, hasa kwenye joto na unyevu, na baada ya mwaka mmoja au miwili uotaji hushuka vibaya.

Ukiwa na shaka na pakiti, weka mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki, kiweke kivulini. Baada ya siku 10 hesabu zilizochipua. Zikiwa chini ya 14, ongeza kiasi cha kuotesha. Zikiwa chini ya 8, rudi dukani.

Kitalu, mbegu moja kwa moja, au kitunguu kilichochipuka jikoni?

Tuanze na hiki cha mwisho ili tukimalize. Kitunguu kilichochipuka kwenye kikapu ni mmea ulio katika mwaka wake wa pili. Ukikifukia ardhini kitakupa majani ya kukatia kwenye mayai, na hilo ni jambo zuri, lakini kisha kitagawanyika au kutoa bua la ua. Hakikupi kitunguu kikubwa kipya. Vile vitunguu vidogo vya kupandia, vinavyouzwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya kuokoa muda, havina soko kubwa huku, na hata kule vikizidi sm 2 hivi kwa upana huwa vyepesi kutoa maua. Kwa kitunguu kitamu, mbegu inashinda.

Kupanda mbegu moja kwa moja tutani kunaokoa kazi ya kupandikiza, na mizizi haisumbuliwi. Lakini kitunguu ni mmea mvivu utotoni. Majani yake ni wima na membamba, hayafuniki ardhi, kwa hiyo magugu yanapata mwanga wote. Kwa wiki nane utakuwa ukipalilia kwa vidole katikati ya nyuzi za kijani zinazofanana na nyasi, na ukimwagilia tuta zima kwa ajili ya mimea ambayo ingetosha nusu mita ya kitalu. Mbegu inayotumika ni karibu mara mbili, kwa sababu utapunguza miche. Njia hii inafaa pale tu ardhi ni safi kabisa na una mpira wa maji ya matone.

Kitalu ndicho tunachokipendekeza, na hivi ndivyo kinavyotengenezwa kwa gramu 1 ya mbegu:

Andaa kijituta cha mita 1 kwa nusu mita, kilichoinuliwa sm 15, udongo tifutifu uliochanganywa na mboji iliyochekechwa. Usichague mahali palipokuwa na vitunguu au vitunguu saumu msimu uliopita. Chora mistari mitatu au minne yenye kina cha sm 1, ikiachana sm 10. Dondosha mbegu moja moja, kila moja ikiachana sm 1 na nyingine. Uvumilivu wa hapa unalipa: miche iliyomwagwa kwa mkupuo hubanana, shina zinabaki kama nyuzi, na ugonjwa wa kinyausi, unaoozesha shina la mche, hupita kwenye mstari mzima kwa siku mbili. Funika kwa udongo mwembamba, tandaza nyasi kavu, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo asubuhi na jioni.

Kuanzia siku ya sita fungua nyasi kila asubuhi uangalie. Kitunguu hakitokezi kwa ncha. Hutoka kimejikunja kitanzi, kama pini ya nywele, kisha ncha moja huchomoka na kusimama, ikiwa bado imebeba ganda jeusi la mbegu juu yake. Vitanzi vya kwanza vikionekana, ondoa nyasi siku hiyohiyo, jioni. Ukichelewa siku tatu miche hurefuka kutafuta mwanga na kulala chini. Baada ya hapo mwagilia mara moja tu kwa siku, asubuhi. Miche ikianza kuanguka na shina zake zikiwa zimelainika usawa wa udongo, hicho ni kinyausi: punguza maji, ng'oa iliyougua pamoja na udongo wake, ruhusu hewa.

Miche iko tayari kwa wiki 6 hadi 8, ikiwa na urefu wa sm 15 na majani matatu au manne, na shina lisilozidi unene wa penseli. Kipimo hicho cha penseli kina maana kubwa kwa wakazi wa Lushoto, Njombe, Iringa au Limuru. Mche uliozidi unene huo ukikutana na wiki kadhaa za baridi ya nyuzi 10 au pungufu unadhani umepita mwaka mzima, na hutoa ua badala ya kichwa. Ukiona miche imepita kiasi, ile minene kula kama vitunguu vya majani.

Siku moja kabla ya kung'oa loanisha kitalu. Pandikiza jioni, kina cha sm 2 hadi 3 tu, shina likiwa wima. Kufukia sana ni kosa la kawaida: kichwa kinahitaji kukaa nusu nje ya ardhi, na kilichozikwa hurefuka badala ya kujaa.

Mbolea: hapa ndipo utamu hupatikana au kupotea

Vitunguu vya Vidalia, vinavyojulikana Marekani kwa utamu, vinatokana na mbegu za jamii ya Granex, ambayo ni ndugu wa Grano. Kinachovitofautisha ni udongo wa kichanga wa Georgia wenye salfa kidogo, na sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1986 inaruhusu jina hilo kwa vitunguu vya eneo maalumu tu. Mbegu ileile ikipandwa kwenye ardhi yenye salfa nyingi huwa kali.

Huwezi kubadilisha ardhi ya kwako, lakini unaweza kuacha kuiongezea salfa. Tulinganishe mbolea za kukuzia. SA (salfeti ya amonia) ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24; kwa Red Creole haina ubaya, kwa Texas Grano ni kuuharibu utamu kwa mkono wako. CAN (nitrati ya amonia yenye kalisi) ina naitrojeni asilimia 26 au 27 bila salfa, na kalisi yake husaidia ganda. Urea ina asilimia 46, bila salfa, ila ni rahisi kuizidisha na hupotea hewani ikiachwa juu ya udongo. Chagua CAN. Kwa potasiamu, MOP (kloridi ya potasiamu) haina salfa, SOP (salfeti ya potasiamu) inayo. Mfuko wa mbolea ya mchanganyiko ukiwa na herufi S kwenye orodha ya virutubisho, utumie kwenye mahindi.

Vipimo: samadi iliyooza kabisa ndoo 1 ya lita 20 kwa kila mita 3 za mraba, ichanganywe na udongo wiki mbili kabla ya kupandikiza. Siku ya kupandikiza, TSP au DAP (mbolea za kupandia zenye fosforasi) gramu 20 kwa mita ya mraba. CAN gramu 10 hadi 15 kwa mita ya mraba wiki ya tatu, na kiasi hichohicho wiki ya sita. Kisha acha. Naitrojeni ikiendelea wakati kichwa kinajaa, shingo inakuwa nene, haifungi, na kitunguu huoza kuanzia juu. Majani yote yakigeuka manjano hafifu mapema, yakianzia yale machanga, ardhi imekosa salfa kabisa. Hapo mboji kidogo inatosha.

Maji yana nguvu sawa na mbolea. Mizizi ya kitunguu ni mifupi, na mmea uliokaushwa halafu ukafurikishwa huwa mkali na hupasuka vichwa pacha. Lita 25 kwa mita ya mraba kwa wiki, zikigawanywa mara mbili au tatu, ni kiwango cha hali ya hewa ya wastani. Penye joto kali fikisha 35.

Kinachoharibika, na nani huathirika zaidi

Thripsi ndiye adui wa kiangazi. Ni mdudu mwembamba wa milimita 1 hivi, hujificha pale majani machanga yanapokutana na shina, na huacha michirizi ya rangi ya fedha. Fungua katikati ya mmea kwa vidole viwili ukague kila wiki. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita 1 ya maji, zilowekwe usiku mzima, zichujwe na kuongezwa sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani lenye nta. Nyunyiza jioni, ukilenga katikati.

Baka zambarau hushambulia kukiwa na unyevu na joto. Huanza na doa dogo jeupe lililobonyea, kisha katikati hugeuka zambarau na ukingo kuwa manjano, na jani hukatika hapo. Kumwagilia majani jioni ndiko kunakoliita. Mwagilia ardhini, asubuhi, na ukilazimika tumia dawa ya ukungu kwa kipimo cha lebo. Aina zote tatu hupata ugonjwa huu, lakini Texas Grano huumia zaidi kwa sababu jani likifa mapema kichwa chake, kilichotarajiwa kuwa kikubwa, kinabaki na ganda lisilokomaa.

Kwa hiyo kalenda ni muhimu zaidi kwa Texas Grano. Sehemu zenye masika ya Machi hadi Mei, otesha kitalu kilichofunikwa paa la nyasi mwezi Aprili, pandikiza Juni mvua zikiisha, vuna Septemba au mwanzo wa Oktoba kabla ya vuli. Red Creole unaweza kuihatarisha nje ya dirisha hilo. Texas Grano usijaribu.

Kuvuna na kuhifadhi

Nusu ya majani yakilala yenyewe, acha kumwagilia. Usiyakanyage ili yalale. Shingo iliyovunjwa kwa nguvu ni mlango wa kuoza. Baada ya siku 10 hadi 14 ng'oa asubuhi kukiwa kukavu, tandaza kivulini penye upepo kwa siku 7 hadi 14, hadi shingo ikauke na ukiibana isiteleze. Kata majani ukiacha sm 2 hadi 3.

Red Creole ipange kwenye chanja, tabaka mbili au tatu, chini ya paa lisilovuja. Texas Grano ipange tabaka moja, vichwa visigusane ikiwezekana, na uikague kila wiki kwa kuibonyeza kidogo shingoni. Laini yoyote iende jikoni siku hiyo. Zenye shingo nene, zilizochubuka na pacha zisipande chanjani kabisa: hizo ndizo kachumbari ya wiki ya kwanza.